Mbona Wanao Hawasomei Udaktari? Leo Nawajibu

Shikamooni wakubwa zangu, wadogo zangu hamjambo. Karibuni tena hapa Hamburg. Nimetoka zamu ya usiku na watoto bado wako nje, nimeona nirekodi sasa hivi kwa sababu ninayezungumza habari zao ni mimi na sitaki wakae hapa pembeni wakinisikiliza. Ruhusa wamenipa wote wawili. Majina siyataji, na sura zao hamtaziona, hata mkiomba.

Swali ni lile lile. Tangu nilipoweka picha ya kijana wangu akiwa na ovaroli na mkanda wa vifaa kiunoni, komenti hazikatiki. "Dada, mtoto yuko Ujerumani halafu anasomea umeme? Si angebaki hapa Tanzania aende chuo cha ufundi, VETA?" Mwingine: "Ukiwa Ulaya mtoto anasoma udaktari, hakuna kuchagua." Na kuna mama mmoja aliandika kwamba nimewapotezea watoto bahati ambayo wenzao wanaililia. Huyo sikumjibu. Nilisoma, nikafunga simu, nikaenda kazini nayo moyoni usiku mzima.

Na najua kinachofuata. Nikisema mambo yanakwenda vizuri, mtasema naringa. Nikisema kuna ugumu, mtasema "si urudi, nani kakushika?" Naomba mnisikilize mpaka mwisho, kisha mseme mnachotaka. Habari za baridi, upweke na bei ya pango nimeshazieleza mara nyingi, leo nazipita.

Nianze na shule, maana hapo ndipo wengi hampaelewi, na si kosa lenu. Nyumbani mtoto anamaliza la saba, anafanya mtihani, anakwenda sekondari. Huku mtoto akiwa darasa la nne, ana miaka kumi hivi, tayari watu wazima wanakaa mezani kuamua aelekee wapi. Kuna Gymnasium, ndiyo njia ya moja kwa moja ya chuo kikuu, na hapa Hamburg kuna aina ya pili inaitwa Stadtteilschule. Majimbo mengine yana mpangilio wao. Bavaria wanaangalia wastani wa alama, ukizidi 2.33 njia ya Gymnasium inakuwa ngumu, na huku alama ndogo ndiyo nzuri. Berlin wanasubiri mpaka darasa la sita. Kwa hiyo mtu akikwambia "Ujerumani shule ziko hivi", muulize jimbo gani.

Mimi ni mwalimu. Wengine hamlijui hilo. Nilifundisha shule ya msingi Muheza kabla sijaja. Sasa fikirieni mwalimu mimi nimeketi mbele ya mwalimu mwenzangu, kijana wangu hana miaka mingi katika Kijerumani, hesabu anazipata vizuri, na naambiwa, "Nyinyi wazazi wa kigeni wote mnataka Gymnasium." Nilikuwa sijafungua hata mdomo. Sikuwa nimesema nataka nini. Shule siitaji, na mwalimu mwenyewe alishahama, lakini sentensi ile ninayo mpaka leo, kwa sababu mimi nilipokuwa darasani sikuwahi kumpima mzazi kwa kabila lake wala kwa viatu vyake.

Hapa Hamburg baada ya darasa la nne mzazi ndiye mwenye neno la mwisho. Ningeweza kumpeleka Gymnasium kwa hasira tu. Lakini mwisho wa darasa la sita, alama zisipotosha, Gymnasium wanamtoa. Nikachagua Stadtteilschule, kwa sababu Abitur, cheti cha kuingilia chuo kikuu, inapatikana pia, ila kwa miaka 13 badala ya 12. Mlango haukufungwa. Mnaosema nilimfungia mlango, hilo naomba mlisikie vizuri.

Darasa la tisa wanafunzi wanatoka kwenda kujifunza kazini kwa wiki chache. Yeye akaenda kwa kampuni ndogo ya mafundi umeme. Jamani, mtoto huyu ni mkimya. Ukimuuliza shule ilikuwaje, "nzuri", basi. Jioni ya kwanza alirudi akanichorea nyuma ya bahasha jinsi umeme unavyoingia kwenye nyumba, unagawanywa wapi, swichi gani inakata nini na kwa nini. Alizungumza mpaka wali ukapoa. Akaniuliza nyumba ya bibi Muheza ina waya wa ardhini au haina. Sikujua. Tukapiga simu usiku ule ule, bibi naye hakujua, akaitwa jirani.

Baada ya hapo sikuwa na cha kujadili naye.

Sasa hiyo Ausbildung, mafunzo ya kazi ya huku, mnayoiita VETA. Sijaidharau VETA, waliotoka VETA ndio waliojenga nyumba mnazolala. Lakini mfanye ulinganifu mkijua. Kijana amesaini mkataba na mwajiri. Fundi umeme wa majengo anajifunza miaka mitatu na nusu, siku moja au mbili kwa wiki darasani, zilizobaki yuko kazini, na analipwa. Kwa walioanza 2025, kiwango cha chini kisheria kwa mwaka wa kwanza ni euro 682 kwa mwezi, na kinapanda kila mwaka. Si pesa ya kupanga nyumba Hamburg, msije mkaanza kumtumia namba za simu. Ila bima anayo, miaka ya pensheni inaanza kuhesabiwa akiwa na miaka 16, na ile posho ya mtoto ya serikali, euro 255 kwa mwezi mwaka 2025, inaendelea kwa sababu bado yuko mafunzoni. Akimaliza akatafuta cheti cha Meister, yaani fundi mkuu, anaweza kufungua kampuni yake na kuajiri, na kwenye ngazi za elimu za nchi hii cheti hicho kimewekwa sawa na shahada ya kwanza. Na akibadilisha mawazo akataka chuo kikuu, Meister kinamfungulia.

Udaktari je? Ni miaka sita na zaidi, nafasi zinagombewa kwa alama za Abitur, na anayekwenda lazima awe anautaka yeye. Mimi nafanya kazi ya uuguzi wa wazee. Naiona kazi ile kwa karibu. Sitamsukuma mtu kwenye usiku kama ule kwa sababu shangazi zake wanataka kusema "tuna daktari Ulaya".

Hapa niseme jambo la familia, na anayehusika ataniwia radhi. Ndugu yangu mmoja aliniambia kwenye simu: "Sisi tulichanga nauli yako tukitegemea kitu." Ni kweli walichanga. Nilirudisha, na ada za watoto wa watu nimelipa, na matibabu, na msiba, na bati. Sihesabu, nyumbani ni nyumbani. Lakini niliyesaini deni lile ni mimi. Watoto wangu walikuwa wamelala kwa bibi yao wakati nauli inachangwa. Nilikuja huku nikitaka kufundisha, nikapeleka vyeti vyangu, tafsiri ya mtafsiri aliyeapishwa, mihuri, kila karatasi nimelipia, na barua ikarudi kwamba ualimu wangu hautoshi. Huku mwalimu anatakiwa masomo mawili ya chuo kikuu na mafunzo ya vitendo juu yake. Nikaanza upya kwenye Ausbildung ya uuguzi wa wazee nikikaa darasa moja na wasichana waliotoka shule juzi. Ndoto yangu iliishia kwenye barua ile. Sasa nimchukue kijana nimwambie, wewe beba ya kwangu? Mimi siwezi. Mwingine anaweza, simhukumu.

Binti yangu sasa. Huyu ndiye ananinyima usingizi, na kwake hakuna wa kunilaumu kwamba analenga chini. Ana miaka 14 na anataka kuwa hakimu.

Lilitoka wapi? Nadhani lilitoka kwenye karatasi zetu. Watoto walipokuja kuungana nami ilibidi nithibitishe kwa hati ya mahakama kwamba ninawalea peke yangu. Halafu majina. Kwetu mtoto anachukua jina la baba na la babu, kwa hiyo mimi na wanangu hatufanani jina la mwisho. Kila ofisi ni swali lile lile: huyu kweli ni wako? Uwanja wa ndege swali hilo hilo, mbele ya mtoto. Binti akajifunza Kijerumani kunizidi, akawa ndiye ananisomea barua zinazokuja. Mtoto wa miaka kumi anasoma barua ya kisheria, anatafuta tarehe ya mwisho ya kujibu, anapiga mstari. Mwaka jana darasa lao walikwenda kusikiliza kesi mahakamani, huku kesi nyingi ziko wazi kwa umma, akarudi akasema, "Mama, yule anayekaa katikati lazima asome kila kitu kabla ya kuamua." Hapo ndipo ilipoanza, au hapo ndipo aliponiambia.

Njia yenyewe ni ndefu. Asome sheria, mtihani wa kwanza wa serikali, miaka miwili ya mafunzo ya vitendo, mtihani wa pili. Ada ya masomo Hamburg hakuna kwenye vyuo vya umma, kuna mchango wa kila muhula tu, kwa hiyo gharama ni kula na kulala. Hilo tutalibeba. Kinachoniumiza kichwa ni kwamba wakili anaweza kuwa raia wa nchi yoyote, lakini hakimu kwa sheria yao lazima awe Mjerumani.

Mnaona tunapokwenda. Tangu Juni 27, 2024, Ujerumani inakubali mtu abaki na uraia wake wa zamani, na muda wa kuishi umeshuka kutoka miaka minane hadi mitano. Rafiki zangu Wakenya hapa walifurahi, kwao katiba ya 2010 inaruhusu uraia pacha, wakajaza fomu wiki ile ile. Sisi kwetu Mtanzania mtu mzima akichukua uraia mwingine kwa hiari yake, wa Tanzania unakoma. Mmenitumia sana habari za Hadhi Maalum kwa diaspora, yaani kibali cha watu wenye asili ya Tanzania walio na uraia wa nje. Nazifuatilia, na ni hatua, lakini si uraia. Hupigi kura nayo.

Mimi nikiomba, binti anaingia kwenye ombi langu kwa euro 51, ya kwangu 255. Kwa hesabu ya pesa, ni rahisi. Lakini nina shamba la marehemu baba Muheza, lile la michungwa, limeandikwa jina langu, na kwa kanuni ya jumla ya Sheria ya Ardhi ya 1999 asiye raia hamiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Mnaosema "karatasi tu hiyo, chukua", kwangu mimi si karatasi tu. Njia nyingine ni kusubiri. Akifika miaka 16 anaweza kuomba mwenyewe bila mimi, na kule kwetu atatakiwa kuchagua akifika 18. Kwa sasa nimechagua kusubiri. Nimechagua kwa hali yangu, na shamba langu, na mtoto huyu mmoja. Mwenye hali nyingine asiige, akaulize mwanasheria.

Nilimweleza binti yote haya, sikumficha. Akaniuliza, "Nikiwa hakimu huku, Muheza nitaingia kwa viza?" Nikamwambia huenda ndiyo. Alikasirika. Hakukasirikia Ujerumani, alikasirikia sisi watu wazima wa kwetu, akasema iweje mjukuu alipie viza kwenda kumwona bibi yake. Na ndoto hakuibadilisha.

Wale wa inboksi wanaotaka niwaombee watoto wao Ausbildung: sina kampuni, sipokei vyeti, na anayewaambia ananiwakilisha anawaibia. Mtoto aanze na Kijerumani, mengine yafuate.

Mimi leo nina swali langu kwenu. Mzazi Mtanzania ambaye mwanao alichukua uraia wa huku kabla ya miaka 18, niandikie mlivyofanya alipofika 18: ubalozini Berlin waliwataka karatasi zipi, na ilichukua muda gani. Komenti ya namna hiyo nitaijibu usiku huu huu kabla sijaingia zamu.