Jinsi ninavyosafisha kijiko cha ukumbusho cha Klondike bila kukiharibu

Mambo vipi jamani, karibuni tena. Leo mezani nina hiki kijiko cha fedha cha enzi za kukimbilia dhahabu Klondike, kule Kanada. Dhahabu yenyewe iligunduliwa 1896, halafu Julai 1897 meli ya Portland ikatia nanga hapa Seattle ninapoishi, imebeba dhahabu, basi mji ukapagawa, watu wanaacha kazi wanapanda meli kwenda Skagway, bandari ya Alaska ya kushukia ukielekea Klondike. Ngoja, kamera haioni vizuri... haya, huyu hapa kwenye mpini, mchimbaji na karai lake la kuoshea mchanga. Ananikumbusha wachimbaji wetu wa Geita ujue.

Geuza nyuma. Ukiona STERLING ujue ni fedha 925 kwa 1000. Ukiona "plate" ni mchovyo tu, usikisugue sana. Na msinitajie kupima fedha kwa sumaku, shaba nayo haishiki sumaku na sio fedha.

Osha na maji ya uvuguvugu na sabuni, kausha, kuosha vyombo mnajua.

Sasa hapa, hapa ndo pa kutulia. Mnaona huku ndani pa kuchotea pana rangi ya njano? Hiyo dhahabu ya kuchovya, ni nyembamba mno. Polishi ISIGUSE hapo. Kijiko changu cha kwanza nilisugua ndani kwa furaha zote, kuja kushtuka kimeshakuwa kipara, dhahabu yote imeondoka na hela yangu. Kwa hiyo hapa kidole gumba changu kinafunika njano, polishi kidogo sana kwenye kijiti cha pamba cha masikio, naenda mpinini tu, taratibu... aah, nani kazima taa? Washa bwana, niko kazini! Haya. Nasema tena, ndani usiguse.

Najua kuna mtu ataniuliza mbona situmii foili, beking soda na maji ya moto. Inafanya kazi kweli, ile salfa iliyoitia fedha weusi inahama kwenye fedha inaenda kwenye foili, hata harufu ya yai viza utaisikia. Ila inang'oa weusi wote, mpaka ule wa kwenye mikunjo, na ule ndo unamchora mchimbaji macho na ndevu. Ukiutoa anabaki kama kapakwa poda. Mimi mikunjo naiacha nyeusi, napenda hivyo.

Suuza, kausha na kitambaa cha pamba. Na, ngoja, tena tazama, ndani bado njano, asante Mungu.

Kukihifadhi, kila kijiko na kitambaa chake, na usivifunge pamoja na ule mpira wa kufungia hela, una salfa, utakuta mstari mweusi katikati ya mpini. Vifuko vya kitambaa ninashona mwenyewe, vya kijani vimeisha, vimebaki vya bluu.