Si mto huo, na hiyo rangi si maji taka

Haya, leo nalijibu, maana kila nikiweka video ya Worsley, hapa karibu na Manchester, swali ni lile lile: "Dada, huo mto mbona umesimama, na mbona una rangi ya kutu?" Wengine hata hawaulizi, wanasema najionyesha na mandhari ya Uingereza. Jamani, sijionyeshi. Kutembea hapa ni bure. Nauli ya kwenda mjini Manchester naihesabu kabla ya kutoka.

Kwanza, si mto. Ni mfereji, umechimbwa kwa sururu na majembe. Kabaila mmoja, Francis Egerton, Duke wa tatu wa Bridgewater, alikuwa na migodi ya makaa ya mawe hapa Worsley. Wanunuzi wako Manchester, si mbali, lakini njia ni tope, na farasi hubebeshwa mgongoni kilo mia na kitu tu. Farasi huyo huyo akitembea ukingoni anavuta mashua yenye tani 30. Hapo hesabu ikawa wazi.

Tena migodi ilikuwa inajaa maji. Msimamizi wake John Gilbert, na fundi James Brindley, mtu ambaye hata kuandika kulimpa taabu, waliuingiza mfereji mpaka ndani ya mgodi. Maji yaliyowasumbua wachimbaji ndiyo yakaujaza mfereji, na makaa yakapakiwa mashuani huko huko chini ya ardhi. Mwishowe mifereji ya chini kwa chini ilizidi kilomita 70! Maji yake hupita kwenye miamba yenye madini ya chuma, ndiyo mnaona hiyo rangi.

Ili maji yasinywee ardhini, walikanda udongo wa mfinyanzi na maji, wakaushindilia chini na kingoni, tabaka juu ya tabaka. Kazi hiyo ilifanywa na vibarua ambao wengi wao majina yao hatuyajui, na mimi nikipita hapa nawawaza wao kuliko huyo Duke.

Ila mnaponiandikia "wazungu walikuwa na hela, wakachimba tu", hapo naumia. Serikali haikumpa Duke fedha. Alikopa, akaishi na madeni miaka mingi. Na kibali ilibidi kipitishwe na Bunge: sheria ya 1759, kisha njia ikabadilishwa ivuke mto Irwell pale Barton, akarudi Bungeni kutafuta nyingine, 1760.

Makaratasi nayajua. Faili langu lilirudishwa na ofisi moja kwa sababu barua ya kuthibitisha anwani ilikuwa ya zamani kidogo, na ada haikurudi. Fedha ile ilikuwa ya shule ya mdogo wangu. Nyumbani wakasema nimekuwa bahili. Silalamiki, naeleza, maana mlionisema mnaangalia video hizi.

Basi, Julai 1761 daraja la kuvusha mfereji pale Barton likafunguliwa: mashua zikawa zinapita juu, kama mita 12, na chini yake mto ukawa na mashua zake. Wapo waliokuwa wamemcheka Brindley. Mfereji ulipofika Manchester, bei ya makaa ilishuka karibu nusu. Fikiria mama anayepika na kuota moto kwa makaa hayo, nusu bei! Baada ya hapo kila mwenye kiwanda akataka mfereji wake.

Na wale mnaoniuliza kama mkija mkae kwenye boti kukwepa kodi ya nyumba: kila mtu na hali yake, msije mkasema nimewashauri. Kuna leseni, na kwenye mifereji mingi hapa, kama huna maegesho ya kudumu, unatakiwa kuhama kila baada ya siku 14. Sasa barua zako zitaletwa wapi? Wapo wanaoweza, wana kazi zao na pasipoti zao. Mimi ofisi zinataka anwani isiyohama, kwa hiyo kodi nalipa.

Wa maswali ya viza, hapo siwezi kuwajibu, tafuteni mwanasheria.