Volti hazipandi wakati wa kuhamisha protini: tuanzie wapi?

Assalaam alaykum. Karibuni maabara, hapa Unguja. Leo tunahamisha protini kutoka kwenye jeli kwenda kwenye membreni, yaani karatasi nyembamba ya kuzinasa, kwa umeme ndani ya tangi lenye kimiminika kiitwacho bafa. Umeweka volti 100, umebonyeza kuanza, skrini inasimama kwenye 38. Wengi hapo hukimbilia kutafuta mashine nyingine ya umeme. Nakuomba usiiguse bado. Volti peke yake haikwambii kitu. Isome pamoja na miliampia, kipimo cha mkondo wa umeme.

Tizama hapa. Juu volti 38, chini miliampia 400, na kitaa kinachowaka ni cha mkondo, si cha volti. Basi mashine ni nzima. Imefika ukomo wake wa miliampia, na ikifika hapo hushusha volti yenyewe. Tangi dogo kama hili, kwa volti 100, kwa kawaida huanza na miliampia 200 hadi 350. Zikizidi sana, mtuhumiwa wa kwanza ni bafa.

Zima mashine, chomoa nyaya, ndipo ufungue mfuniko. Hili halina mjadala: volti 100 ndani ya bafa zinaweza kuua.

Sasa shika chupa usome lebo. Imeandikwa 10X, yaani nzito mara kumi? Kama imemiminwa bila kuzimuliwa, umeshapata jibu. Lita moja ya bafa ya kutumia ina gramu 3.03 za Tris, gramu 14.4 za glaisini na mililita 200 za methanoli, kisha unajazia maji safi ya maabara. Maji ya kisima usiyakaribishe, mengi huku kwetu yana munyu. Na pH, kipimo cha uasidi, iache, itakaa yenyewe karibu na 8.3. Najua mkono unawasha kuirekebisha kwa asidi ya hidrokloriki, lakini kila tone linaongeza ioni, chembe zinazobeba umeme, miliampia zinapanda na protini haipati faida yoyote.

Tengeneza bafa mpya, jaza tangi bila jeli wala membreni, washa. Kwenye tangi, jeli haibadilishi sana mkondo, kwa hiyo jaribio hili ni la kuaminika. Volti zikifika 100, kosa lilikuwa kwenye bafa.

Upande wa pili: volti zinafika 100 lakini miliampia ni chache mno, au mashine inakataa kuanza ikidai hakuna kilichounganishwa. Hapo njia ya umeme imekatika, au bafa imezimuliwa kupita kiasi. Tizama kina cha bafa, kandamiza mfuniko ukae sawa. Halafu angalia plagi. Leta kamera karibu: unaona huu ukoko wa kijani shingoni mwa pini? Ni kazi ya hewa ya bahari. Isugue kwa msasa laini, ifute kwa spiriti, iache ikauke. Mwisho pima waya wa platini kwa multimita, kutoka pini ya juu hadi ncha ya chini. Ikisoma omu chache, mzima. Ikisoma OL, yaani umeme haupiti, umekatika. Usiuvute, ni mwembamba mno.

Kuna hali nyingine inayotusumbua zaidi sisi wa joto. Unaanza vizuri, miliampia 250, baada ya nusu saa zimegonga ukomo na volti zinashuka. Bafa imepata moto, na bafa ya moto hupitisha umeme zaidi. Weka pande la barafu ndani ya tangi, tangi zima ndani ya beseni la barafu, na stira, kile kikorogeo, izunguke chini. Barafu ikiwa shida, tumia volti 30 usiku kucha ndani ya friji. Miliampia zitakuwa karibu 90. Ila umeme wetu unavuka bahari kwa kebo kutoka bara, na ukikatika usiku, si kila mashine inaanza tena yenyewe ukirudi. Iunganishe na UPS, betri ya akiba.

Kama umechagua miliampia zisizobadilika, volti kushuka polepole ni kawaida. Iache ifanye kazi.

Ukimaliza, tia membreni kwenye rangi ya Ponceau S dakika chache, suuza. Mistari ya waridi ikionekana, endelea na maziwa ya kuziba sehemu tupu za membreni. Ikiwa namba zilikuwa sawa lakini membreni imebaki nyeupe, kagua mpangilio ndani ya fremu inayozibana: jeli ikae upande mweusi, membreni upande mwekundu.