Nyotamkia si Ghala: Michezo ya Mikakati ya Anga Mbele ya Elimu ya Falaki

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuitikia mwaliko. Kabla ya yote tukubaliane juu ya neno. Wengi wetu huita kimondo kila king'aacho angani ambacho si nyota ya kawaida. Kimondo huwaka na kuzimika katika sekunde chache kwa sababu kimeingia katika hewa yetu, na kile cha Mbozi, ambacho huenda baadhi yenu mmekigusa kwa mikono, ni pande la chuma lililowahi kufika ardhini. Nyotamkia iko mbali kabisa na hewa hiyo. Huchomoza na kutua pamoja na nyota, huonekana kwa majuma, na kiini chake ni barafu iliyochanganyika na vumbi. Leo nazungumzia hiyo ya pili.

Nimecheza michezo ya mikakati ya anga kwa miaka mingi, wala sikuja kuibeza. Chukueni Aurora, mchezo uliotungwa na Steve Walmsley, ambao wachezaji wake huusifu kwa kupenda hesabu. Ukishapima nyotamkia, unaletewa jedwali la madini ya kubuni, kila moja likiwa na kiasi chake pamoja na kiwango cha wepesi wa kuchimbika, ambacho kikomo chake ni 1. Nyotamkia kwa kawaida hupewa viwango vya juu, kwa hiyo mchezaji mzoefu huzikimbilia mapema: hushusha migodi inayojiendesha yenyewe, huweka mtambo wa kurusha vifurushi vya madini hadi nyumbani, kisha huendelea na vita vyake. Mchezo huo huzisogeza nyotamkia zake kadiri miaka inavyopita, jambo ambalo michezo mingi haijishughulishi nalo. Hata hivyo mgodi hutoa kiasi kilekile nyotamkia ikiwa karibu na Jua au ikiwa gizani, na kinachopungua ni kile tu ambacho mchezaji mwenyewe amekichimba. Hapo ndipo ninapotofautiana na watunzi: wamelichora ghala, ilhali nyotamkia ni kitu kinachoendelea kutokea.

Tuanze na sura yake. Hiki nilichokishika ni kipande cha mkaa kutoka jikoni kwangu. Chombo Giotto kilipopita umbali wa kilomita 596 hivi kutoka kiini cha nyotamkia ya Halley, mwezi Machi 1986, kilikuta pande lenye urefu wa kilomita 15 hivi ambalo huakisi asilimia 4 tu ya mwanga unaolifikia. Ni jeusi kama mkaa huu. Lile tufe jeupe la theluji linalochorwa kwenye skrini halipo. Weupe tunaouona ni wa gesi na vumbi vilivyokwisha kutoka. Mkia nao huchorwa kama moshi wa garimoshi, ukifuata nyuma ya mwendo. Mkia halisi hauulizi nyotamkia inaelekea wapi. Huwa miwili: wa gesi yenye ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, unaosukumwa na upepo wa Jua, ule mkondo wa chembe zitokazo kwenye Jua, na kunyooka moja kwa moja upande wa pili wa Jua, na wa vumbi, unaopinda kidogo kwa kusukumwa na mwanga. Kwa hiyo nyotamkia inapoondoka kwenye Jua, mkia wake humtangulia mwenyewe.

Sasa tuje kwenye wakati, ambao ndio kiini cha hoja yangu. Chombo Rosetta cha Shirika la Anga la Ulaya kilikusudiwa kurushwa mwezi Januari 2003 kwenda kwenye nyotamkia iitwayo Wirtanen. Mwezi uliotangulia roketi ya aina ya Ariane 5 iliharibika ikiwa safarini, urushaji ukaahirishwa, na ahirisho hilo likatosha kuikosesha Rosetta miadi yake. Ikabidi itafutwe nyotamkia nyingine, 67P, iliyogunduliwa mwaka 1969 na Klim Churyumov na Svetlana Gerasimenko. Rosetta iliondoka Machi 2004, ikapita karibu na Dunia mara tatu na Mirihi mara moja ili kuazima mwendo kutoka kwenye mvutano wao, na ikawasili Agosti 2014. Katika Aurora meli hukata njia iliyonyooka, kwa mwendo usiobadilika, siku yoyote utakayoamuru.

Na baada ya kufika? Philae, chombo cha kutua chenye uzito wa kilo 100 hapa duniani, huko kilikuwa na uzito wa kama gramu 1. Tarehe 12 Novemba 2014 kiligusa ardhi, mikuki ya kukifunga haikufyatuka, kikadunda, na kikaelea karibu saa mbili kabla ya kugusa tena. Mwishowe kikatulia kwenye kivuli cha jabali, na betri yake ikaisha kabla ya siku tatu kupita. Mwaka uliofuata, 67P ilipokaribia Jua, barafu yake iligeuka mvuke bila kupitia hali ya maji, mafukuto ya gesi na vumbi yakapasuka huku na kule, na mwezi Julai 2015 sehemu ya jabali lililopewa jina la Aswan ikaporomoka, ikafunua barafu safi iliyong'aa. Fikirieni mgodi wenu unaojiendesha ukiwa umesimikwa pale ukingoni. Tena mafukuto hayo hayaishii kubomoa: huisukuma nyotamkia yenyewe na kuisogeza kidogo kutoka kwenye njia iliyokadiriwa, kiasi kwamba wanafalaki hulazimika kurekebisha hesabu zao.

Niruhusuni kuchepuka kidogo. Europa Universalis IV si mchezo wa anga bali wa kuongoza dola za kihistoria, lakini nyotamkia inapoonekana humo, dola hupoteza pointi 1 ya uthabiti, na mchezaji hana la kufanya ila kuchagua maneno ya kuipokea habari. Wachezaji huilalamikia sana. Mimi naiona kuwa nyotamkia ya kweli kuliko nyingi, kwa kuwa haidai kueleza kilichoko angani. Inaeleza watu waliotazama juu wakaona nuhusi, kama walivyofanya Waingereza mwaka 1066, Halley ilipopita kabla ya nchi yao kuvamiwa.

Halley hiyohiyo ilifika mwisho wa mbali wa njia yake Desemba 2023, ng'ambo ya Neptuni, ikienda polepole kwa kilomita 1 hivi kwa sekunde. Imekwisha kugeuka, na katikati ya mwaka 2061 itapita karibu na Jua kwa zaidi ya kilomita 50 kwa sekunde. Laiti mtunzi mmoja angeniuliza, ningemwomba kanuni mbili tu: mchezaji asiyewahi dirisha la safari, yaani kipindi kinachofaa kuondoka, asubiri mzunguko mwingine, na kila nyotamkia inapolipita Jua, ipungue yenyewe, na pengine iondoke na mgodi. Sasa nayakaribisha maswali.