Darubini au Vilengeo vya Chuma: Mhadhara kwa Walenga Shabaha wa Mombasa

Assalamu alaykum, na hamjambo nyote. Mwenyekiti, wazee wangu, akina mama, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni, sogeeni, viti vipo huku mbele.

Nimefundisha shabaha kwa miaka 22: askari wa wanyamapori, walinzi, na raia wenye leseni kama wengi wenu humu ukumbini. Hakuna swali nililoulizwa mara nyingi kama hili la leo. Nifunge darubini kwenye bunduki yangu, au nibaki na vilengeo vya chuma vilivyokuja nayo?

Kabla sijajibu, fanyeni jambo moja. Nyosheni mkono mbele, kidole gumba juu, mfumbe jicho moja. Tazameni ile saa ukutani. Kidole kimekuwaje? Kimefifia. Sasa utazameni ukucha wenyewe, mpaka muone mistari yake. Saa je? Nayo imefifia. Jicho la binadamu haliwezi kuona wazi karibu na mbali kwa wakati mmoja. Vijana wanalihamisha haraka mno hata wanadhani wanaona vyote viwili, lakini hawavioni.

Sasa chukueni bunduki. Vilengeo vya chuma vinalipa jicho kazi tatu: pengo la nyuma, kijiti cha mbele, na shabaha kule mbali. Moja tu ndiyo itakayoonekana sawasawa, na hiyo lazima iwe kijiti cha mbele. Shabaha iache iwe na ukungu. Mwanafunzi mpya hunilalamikia, "Mwalimu, siioni karatasi vizuri." Namwambia vyema, usiione vizuri, ila kijiti kione kama ulivyouona ukucha wako.

Nitawapa hesabu yake. Bunduki ambayo kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele pana nusu mita, kijiti kikihama milimita 1 tu ndani ya pengo, risasi itahama sentimita 20 kwenye mita 100. Milimita moja! Ndiyo maana anayekodolea macho shabaha akasahau kijiti hurudi na karatasi iliyotobolewa ovyo kama chujio, kisha akaishtaki bunduki.

Darubini inaondoa kazi hiyo. Ile alama ya kujumlisha iliyo ndani yake na shabaha vinaonekana kwa pamoja, wazi, kana kwamba viko mahali pamoja. Hilo, kwa maoni yangu, ndilo jambo kubwa inalotupa, kuliko hata kukuza. Na mimi niliyevuka miaka 50 nalisema kwa shukrani, kwa sababu kuanzia 40 na kitu lenzi ya jicho inakuwa ngumu, karibu panakataa. Mnajijua, nyinyi mnaosogeza simu mbali ndipo msome ujumbe. Kijiti cha mbele nacho huanza kukataa vivyo hivyo.

Lakini kwa wenye macho hayo kuna njia ya katikati, na watu wengi hawaijui. Toboeni karatasi kwa pini, chunguleni kwenye hicho kitundu bila miwani, msome maandishi madogo. Yanasomeka! Tundu dogo linachuja miale iliyotawanyika, na vitu vya karibu na vya mbali vyote vinatulia. Ndiyo kazi ya kilengeo cha tundu. Waliotumikia serikali wanaijua bunduki ya G3: kile kigurudumu cha nyuma kina pengo la wazi la mita 100, halafu matundu ya 200, 300 na 400. Jicho likiingia tunduni linatafuta katikati lenyewe. Na msidhani kilengeo cha tundu ni cha kubahatisha. Kwenye Olimpiki, bunduki ya upepo ya mita 10 hairuhusiwi darubini, na ile nukta ya alama 10 ina upana wa nusu milimita.

Sasa nije kwa darubini yenyewe, kwa sababu hapa ndipo fedha zinapopotea.

La kwanza, darubini haitulizi mkono. Ikikuza shabaha mara 9, inakuza na mtetemo wako mara 9. Mwanafunzi anaona alama inacheza, anaogopa, anasubiri ipite katikati, kisha anaichapa triga kwa pupa. Risasi hiyo ni ya kupotea. Kwa chuma mtetemo ni uleule, ila haumtishi kwa kuwa hauoni. Ndiyo sababu kwangu kila mtu huanza na chuma, risasi mia kadhaa, hata kama darubini yake iko tayari ndani ya boksi. Akisha kujua pumzi na kidole, tutafunga.

La pili, kukuza kunabana upeo. Kwenye mara 9, mita 100 mbele, unaona eneo la kama mita 4 tu kwa upana. Kwa kilicho mita 10 mbele yako ni kama sentimita 40. Mkumbuke simba wa Tsavo, mwaka 1898, reli ilipokuwa ikijengwa kutoka hapa kwetu kwenda bara. Patterson, mhandisi wa reli hiyo, alikaa juu ya kichanja dhaifu usiku, simba akimzunguka hatua chache tu, akafyatua kwa kukisia umbo gizani. Hapo darubini ya mara 9 ingemwonyesha nini? Askari anayeingia kwenye vichaka vya Shimba Hills yuko katika hali hiyohiyo, na ushauri wangu kwake ni chuma, au darubini inayoshuka mpaka mara 1.

La tatu ni hewa yetu. Ufini, katika vita vya 1939 hadi 1940, Simo Häyhä alikuwa mdunguaji anayetumia chuma peke yake: kichwa kilikaa chini zaidi, na hakukuwa na kioo cha kupata ukungu wala cha kumeta juani. Kule ni baridi. Sisi tuna yetu. Bunduki ikitoka ndani ya gari lenye kiyoyozi ikaingia jua la Mombasa, kioo kinafunikwa na mvuke papo hapo, na ukiipangusa unarudi uleule. Itoeni garini nusu saa kabla, ikiwa bado ndani ya mkoba. Halafu kuna kuvu. Darubini yangu ya kwanza niliiweka kabatini nyumbani, karibu na bahari, msimu mzima wa masika. Nilipoitoa, ndani ya lenzi pameota nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Haikufutika, iko ndani. Ilikuwa ya bei rahisi, haikuzibwa sawasawa wala kujazwa naitrojeni, gesi kavu ya kuzuia unyevu. Tangu siku hiyo nasema bora chuma kizuri kuliko darubini mbovu. Chuma nacho chaliwa na chumvi, lakini kutu waiona kwa macho na waitibu kwa mafuta na kitambaa.

Mchana, jua la utosi, mtaona mazigazi yakichemka juu ya ardhi. Darubini inayakuza pia, shabaha inaogelea. Teremsheni ukuzaji. Kwa chuma tatizo la jua ni jingine: likipiga ubavu mmoja wa kijiti, ubavu huo unang'aa na jicho linaudhani ndio kijiti chote, risasi inakwenda upande wa pili. Wazee walitibu kwa masizi. Washa koroboi, pitisha moshi wake kwenye kijiti hadi kiwe cheusi ti. Mimi hufanya hivyo hadi leo, bunduki ikiwa tupu na risasi ziko mbali na moto.

Skrubu za kufungia darubini hulegea kwa safari, hasa bunduki ikisafiri kwa pikipiki au mashua. Chora mstari wa rangi ya kucha kuvuka kichwa cha skrubu na pete yake. Mstari ukikatika, imesogea, isawazishe upya kabla hujaiamini.

Na hili nawaomba kwa moyo wangu wote. Darubini ya bunduki si ya kutazamia watu. Nimemwona mlinzi akiinua bunduki "amwone vizuri" mtu aliyekuwa akija getini. Alikuwa muuza maziwa. Jicho likienda, mtutu unakwenda nalo. Yule maskini alielekezewa mauti bila kujua. Ukitaka kumtambua mtu, nunua darubini ya mkononi. Nikiona hilo uwanjani kwangu, leseni au hakuna leseni, mtu huyo anatoka.

Kuna mzee wangu aliniuliza kabla hatujaanza. Ana miaka 61, bunduki ya .22, ile ya risasi ndogo, shabaha za karatasi mita 50. Mzee, jaribu kwanza ule mtihani wa pini. Maandishi yakisomeka, kilengeo cha tundu kitakutosha na hutajuta. Yasiposomeka, chukua darubini ya mara 4 isiyobadilika, iliyotengenezwa kwa .22, maana nyingi za bunduki kubwa hupangwa kwa umbali wa karibu mita 100, na kwa mita 50 alama itahama kila ukisogeza jicho. Vilengeo vya chuma usiving'oe. Njoo nayo Jumamosi asubuhi, tupu, komeo likiwa wazi, tuifunge pamoja. Rangi ya kucha nitakuja nayo mimi.