Seva mbili, pointi kodi moja: SS7 kwenye Asterisk

Haya ndugu zangu, karibuni. Leo tunaziunganisha seva mbili za Asterisk, programu ya kuendesha simu, kwenye SS7, yaani lugha ya ishara ambayo kampuni za simu hupashana habari za simu, zikitumia pointi kodi moja (namba ya kutambulisha kituo kwenye SS7), ili moja ikizima, nyingine iendelee kupokea simu. Kazi hii naipenda mno, na hapa Mombasa, umeme ukipotea hovyo, ni lazima.

Kufunga Asterisk na kadi za E1, laini ya kidijitali inayobeba simu nyingi, tunaruka, hilo mnalijua. Fungua ss7.conf, faili ya mipangilio ya chan_ss7, moduli inayoipa Asterisk SS7.

Kila seva ina E1 yake. E1 ina nafasi 32: ya 0 ya kulinganisha saa, ya 16 tumeipa ishara, 30 zilizobaki ni za sauti. Tuna linki mbili za ishara basi, ziweke kwenye linkiseti (kundi la linki) moja. Kampuni ya simu upande wa pili itaona kituo kimoja tu.

Hapa tega sikio. Swichi yao hugawa ujumbe kwenye linki zote mbili kwa kutazama biti nne za mwisho za namba ya saketi, yaani ya nafasi ya sauti inayobeba simu. Kwa hiyo simu iko seva ya kwanza, ujumbe wake unatua seva ya pili! Ndiyo maana seva hizi lazima zipashane habari kwenye mtandao wa ndani. Mimi huvuta kebo mbili, kila moja na swichi yake ya mtandao. Wengine huweka moja. Swichi ikifa, je?

Faili ni hiyohiyo kwa seva zote, inakili ilivyo. chan_ss7 husoma jina la mashine, ikatafuta sehemu ya host yenye jina hilo. Jina lifanane herufi kwa herufi. Andika hostname, bonyeza enter, linganisha. Kistari kimoja kikizidi, seva haijijui. Umelinganisha? Linganisha tena, na seva ya pili pia.

Namba za saketi zikubaliane na za kampuni. Mkigombania saketi moja kwa wakati mmoja, mwenye pointi kodi kubwa ndiye mwenye haki ya namba shufwa, mwingine witiri. Panga hunting_policy, mpangilio wa kuchagua saketi, hivyo.

Tuwashe... ngoja. Seva ya pili taa nyekundu. Sogeza kamera hapa, karibu zaidi. Mwaona pini ya nne ilivyoota ukijani? Chumvi hiyo, chumba kiko karibu na bahari. E1 hutumia pini 1, 2, 4 na 5, moja ikila kutu linki haisimami. Nabadilisha kebo nzima, kusugua sipendi... Haya, kijani.

Tena, kabla ya jaribio: jina la mashine!

Nimepiga simu mbili, moja kila seva. Nachomoa E1 ya seva ya kwanza. Simu yake imekatika, hiyo haiokoleki, sauti ilipita humo humo. Sikiliza ya pili: inaendelea, na ishara zote sasa zinapita linki iliyobaki. Napiga mpya... inaita. Mashallah!

Rudisha kebo, subiri linki ijipange, saketi zifunguke.

Kebo za E1 nazibana mwenyewe dukani Mwembe Tayari, urefu utakao. Niandikie hapo chini.