Rangi Nzito Juu, Nyepesi Chini: Mhadhara wa Uchoraji wa Kumimina, Tabora

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za asubuhi. Na kwa wenyeji wenzangu, mwangaluka.

Nimeombwa nizungumzie uchoraji wa kumimina rangi za akriliki, yaani zile za maji zenye chembe za plastiki, na naona mezani vikombe vimeshapangwa. Naomba tuviache kwanza. Nikianza na vikombe, hakuna atakayenisikiliza tena.

Wengi mmeziona video zake kwenye simu. Mtu anajaza rangi nne tano kwenye kikombe kimoja, anakifudikiza juu ya kanvasi, anakiinua, rangi zinatapakaa, anaiinamisha kanvasi huku na huku, basi, picha hiyo. Watu husema ni bahati nasibu, na najua wapo mafundi wa mabango hapa mjini wanaoiita kazi ya kitoto. Mimi nasema kinachoitwa bahati pale ni uzito. Uzito huu huu wa kwenye mizani.

Miaka ya 1930 palikuwa na mchoraji wa Mexico, David Alfaro Siqueiros. Alichora kuta kubwa kubwa, alikuwa mkomunisti asiyejificha, na aliona zana za kale za wachoraji haziendani tena na dunia ya mashine. Akazichukua rangi za viwandani, zile za kupigia magari. Analaza ubao chini, anamimina rangi moja, kisha anamimina nyingine juu yake kabla ya ile ya kwanza kukauka. Halafu anaacha mkono na kutazama. Rangi zinapenyana, zinafanya mabaka na mishipa ambayo brashi haiwezi. Mwaka 1936 akafungua karakana ya majaribio New York, na miongoni mwa waliopita humo ni Jackson Pollock, huyu ambaye baadaye alipata jina duniani kwa kudondoshea rangi kanvasi iliyolazwa sakafuni.

Akriliki ya maji ilikuwa bado. Hiyo iliingia madukani kwa wachoraji miaka ya 1950.

Na tusiishangae sana rangi ya magari. Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia rangi ya mafuta inayong'aa, ile inayopakwa hata baiskeli, kwenye vipande vya hadibodi. Yeye alishika brashi, hakumimina. Ninachotaka mkione ni kwamba wote wawili, yule wa Mexico na huyu wa kwetu, walinunua rangi kule kule anakonunua fundi wa kawaida. Kwa hiyo asije mtu akaniambia sanaa hii haifanyiki Tabora kwa sababu hakuna duka la wasanii.

Sasa uzito. Mwaka 2015 watafiti wa Mexico, akiwemo Roberto Zenit, mtaalamu wa mwendo wa vimiminika, walichapisha utafiti juu ya mbinu hiyo ya Siqueiros. Walimimina nyeupe juu ya nyeusi, na nyeusi juu ya nyeupe. Ya kwanza ikatoa madoa na vyumba vyumba, yaani maduara madogo madogo, vya kupendeza. Ya pili ikatulia tuli. Kwa nini? Nyeupe ilikuwa nzito zaidi. Kimiminika kizito kikikaa juu ya chepesi hakitulii. Kinatafuta njia ya kushuka, na chepesi kinatafuta njia ya kupanda, na kwa kuwa haviwezi kupishana vyote kwa mara moja, vinagawana njia: hapa kinashuka, pale kinapanda. Kila pale panapopandwa panakuwa duara. Wanafizikia wanaiita hali hiyo kwa majina ya wanasayansi wawili, Rayleigh na Taylor.

Unga mweupe ulio kwenye rangi, wa titani, ni mzito zaidi ya mara nne ya maji. Unga mweusi wa kaboni haufikii hata nusu ya uzito huo. Lakini msikariri kwamba nyeupe ni nzito siku zote, maana kila kiwanda kinaweka unga kwa kipimo chake na wewe mwenyewe unaongeza gundi na maji. Pima. Chukua kifuniko cha chupa, kijaze rangi hadi ukingoni, kiweke kwenye mizani ndogo ya jikoni, andika gramu. Kioshe, kikaushe, jaza rangi nyingine. Ukishapima rangi zako zote unajua ipi itangulie chini na ipi ije juu kabla hujachafua kitu. Ukitaka picha iliyotulia, yenye mistari inayolala pamoja, geuza mpango.

Jambo la pili ni ulaini. Hapa watu wa Tabora tuna kipimo ambacho wengine hawana: asali. Rangi iwe kama asali yetu ya misituni iliyokaa juani kidogo. Chovya kijiti, kiinue. Rangi ishuke kama uzi usiokatika, na pale uzi unapoangukia pawe na kijilima kinachozama ndani ya sekunde moja hivi. Kijilima kikibaki, rangi haijalainika vya kutosha na haitatembea. Kisipoonekana kabisa, ni majimaji, na rangi zako zote zitaishia kuwa tope la kijivu. Na vikombe vyote vilingane. Hapo ndipo wengi wanapochoka, maana kuchanganya kunachukua saa nzima na kumimina ni dakika mbili.

Kulainisha tumia gundi nyeupe ya maseremala iliyopunguzwa kwa maji kidogo. Usilainishe kwa maji matupu. Akriliki inashika kwa sababu ya chembe za plastiki zinazoungana maji yanapokauka, na ukizitawanya mno haziungani. Picha ikikauka, ukipitisha kidole unaondoka na unga.

Kiasi je? Kanvasi ya sentimita 30 kwa 40 ina sentimita za mraba 1,200. Ukitaka unene wa milimita 2, hiyo ni mililita 240, na nyingine itamwagikia pembeni. Weka 300. Ni rangi nyingi, ndiyo, ndiyo maana nasema anzeni na vibao vidogo.

Kuna wanaotia matone ya silikoni, hata mafuta ya nywele yenye silikoni, ili vyumba vitokee vingi. Vinatokea kweli. Mimi siyapendi. Picha zote zinafanana, na mafuta yakibaki juu, vanishi inakataa kushika.

Na rangi ziwe tatu. Nimesema tatu! Naona kule nyuma mtu ana saba.

Kukausha ndiyo vita yetu hasa. Kuanzia Julai hadi Septemba upepo wa hapa ni mkavu na una vumbi. Uso wa picha unakauka upesi na kujikunja wakati chini bado kubichi, basi unapasuka mipasuko mirefu isiyozibika. Laza picha ndani, mbali na dirisha, uifunike kwa boksi la kadibodi lililoinuliwa kidogo kwa vijiti. Na kabla ya yote weka pima maji mezani. Meza ikiinama kidogo tu, rangi itahama usiku kucha na asubuhi utaikuta sakafuni. Ndugu zetu wa Kigoma wana unyevu wa ziwa, wao watasubiri zaidi, ila mipasuko haitawasumbua kama sisi.

Ndiyo, mama, uliza. ... Anauliza kama rangi ya maji ya ukutani inafaa. Inafaa sana kwa mazoezi, nyingi ni za jamii hiyo hiyo. Kwa picha ya kuuza, nunua walau rangi za kukolezea zilizo nzuri, maana za bei ya chini nyingine hupauka.

Na wewe kijana? ... Mabaki. Usiyamwage kwenye mtaro, hiyo ni plastiki. Yaache yakauke kwenye nailoni, yatabanduka kama ngozi. Ikatekate, unaweza kuibandika kwenye picha nyingine.

Haya, vikombe sasa. Wenye mashati meupe mkae upande wa dirisha. Wenye mizani waje hapa mbele, tunaanza kupima.